Mwanafunzi wa Mumewe

Bwana Kenga, afisa wa uhamiaji, aliigeuza pasi ya kusafiria upande wa nyuma, kisha akairudisha upande wa mbele. Jina la Badawi bin Omar lilikuwapo, na picha yake ya wakati nywele zilipokuwa nyeusi bado, na muhuri wa sultani wa Mukalla, kusini mwa Arabuni. Kilichokosekana ni nchi. Sultani aliondolewa mwaka uliopita, Waingereza nao walikuwa wamekwisha kuihama Aden, na wenye nchi mpya walikuwa hawajaleta Mombasa pasi mpya wala mtu wa kuziandika.

"Kosa si lako," alisema. "Wala si langu."

Ilikuwa Machi 1968. Badawi alisimama mbele ya meza kofia mkononi, kwa kuwa kiti hakikuwako. Nyuma yake, kwenye benchi ya ukutani, mkewe Mwanaesha alikuwa amekaa na bahasha mapajani. Alikuja naye kwa sababu Badawi alisoma Kiarabu tu, na karatasi za serikali zote zilikuwa za Kiingereza. Mwanaesha alikuwa amekaa skuli miaka sita kabla ya babake kumtoa.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Aliolewa mara ya kwanza angali mdogo, akaachwa kwa kukosa kuzaa, akarudi nyumbani kwao, ndani ya Mji wa Kale, akadhani mambo yake yamekwisha. Mwaka wa 1963 Badawi alipiga hodi kuuliza kama mna vyombo vya kutia bati. Vilikuwamo vingi, maana mamake Mwanaesha, ambaye wakati huo alikuwa hai bado, alikuwa mpishi wa harusi, na sufuria la shaba lisipotiwa bati ndani huwatia watu sumu. Badawi alifanya kazi uani kwa wiki nzima bila kusema neno lisilohusu vyombo. Wiki ya pili akatuma watu kuleta posa.

Tangu hapo alikuwa fundi wa Bhai Turabali, Mhindi wa Kibohora mwenye duka la vyombo, na kibali chake cha kukaa Kenya kiliandikwa kwa kazi hiyo na kwa tajiri huyo, si vinginevyo. Sasa Bhai Turabali alikuwa ameandika barua ya adabu kueleza kwamba wanunuzi wake wote wanataka masufuria ya alumini, ambayo hayatiwi kitu, na kwamba mwisho wa mwezi hatamhitaji fundi tena. Barua hiyo ndiyo iliyowaleta ofisini.

Badawi aliuliza kile walichokubaliana njiani. Mkewe alizaliwa hapa na babake alizaliwa hapa, na vyeti vyao vimo ndani ya bahasha. Je, haiwezekani yeye akaandikwa chini ya jina la mkewe?

Bwana Kenga alimtazama Mwanaesha, kisha akaitazama meza.

"Mke huandikwa chini ya mume," alisema. "Mume haandikwi chini ya mke. Sheria ndivyo ilivyo. Ungekuwa wewe ndiwe mwananchi na yeye ndiye mgeni, ningekwisha kumpigia muhuri."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa Mgiriama wa makamo, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na kabla hawajatoka aliwapa karatasi yenye kuorodhesha aina zote za vibali. Aliwaambia waisome vizuri. Walikuwa na siku ishirini na mbili.

Waliisoma nyumbani, uani. Mwanaesha alisoma Kiingereza chake polepole, akafasiri, na Badawi akasikiliza macho yakiwa kwenye sakafu. Kulikuwa na kibali cha aliyeajiriwa, cha mwenye mtaji wa kufungua biashara yake, cha mwanafunzi, na cha mwalimu wa dini. Mtaji hakuwa nao. Juu ya hicho cha dini, jirani mmoja alikuwa amekwisha kumshauri, na hata barua ya msikiti ingepatikana, lakini Badawi alikataa. Juzuu alizozihifadhi alikuwa amezisahau nusu, na hakutaka kuishi katika nchi ya watu kwa kudanganya kwa jina la Qurani.

Mwanaesha alisema kwamba akirudishwa, watarudi pamoja. Badawi alimweleza kijiji chao kilivyo. Kisima kiko mbali, nyumba ni ya nduguye mwenye wake wawili, na nduguye huyo ameandika barua kusema asije, kwa sababu hata waliobaki huko wanatafuta njia ya kutoka. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayeusifia mji. Mwanaesha hakulirudia lile neno, lakini hakulifuta.

Aliinamia tena karatasi. Baada ya muda akasema:

"Hapakuandikwa kwamba lazima awe mwanamume."

"Nani?"

"Mwajiri."

Alasiri ilipoadhiniwa, Badawi aliinuka. Akatia udhu, akaenda msikitini, akarudi. Alivua viatu, akaviweka sawasawa kando ya mlango, kisha akamuuliza mkewe kama leseni ya biashara ataiandikisha kwa jina lake mwenyewe au la babake.

Leseni ilipatikana siku ya kumi na tano. Waliporudi ofisini, Bwana Kenga alizisoma fomu mara mbili, wala hakucheka, jambo ambalo Mwanaesha alilikumbuka kwa muda mrefu. Mwajiri ni Mwanaesha binti Abudi, mwananchi. Mwajiriwa ni Badawi bin Omar, fundi wa kutia bati vyombo vya shaba. Kibali cha zamani kingefutwa, kipya kingeandikwa kwa tajiri mpya. Lilikuwa limebaki jambo moja tu. Mgeni hapewi kazi ila kwa sharti kwamba atamfunza mwananchi, na jina la mwananchi huyo linatakiwa pale chini ya fomu.

Walikuwa wamekwisha kutafuta. Vijana wa mtaani walitaka kazi za bandarini au za magari. Hakuna aliyetaka kukaa kwenye moto wa makaa na kuvuta moshi unaokereketa koo kwa ajili ya vyombo ambavyo watu waliviacha.

"Niandike mimi," Mwanaesha alisema.

"Wewe ndiwe mwajiri."

"Sheria yakataza?"

Bwana Kenga alifungua kitabu chake, akafunua kurasa kadhaa, akakifunga. Haikukataza. Aliandika jina la Mwanaesha mara ya pili, kisha kwa kuwa kazi yake ilimtaka awasomee masharti, akawasomea. Kibali ni cha mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, afisa atakuja kumpima mwanafunzi. Ikiwa hajafuzu, kibali chaweza kuongezwa. Akiwa amefuzu, nchi itakuwa imepata fundi wake, na kibali hakitaongezwa tena.

Walitoka na karatasi yenye muhuri. Walikuwa wamefika barabara ya Ndia Kuu, katikati ya watu, Mwanaesha alipopunguza mwendo.

"Kwa hivyo nikijua, utaondoka," alisema.

"Basi usijue upesi," Badawi alisema, na yeye pia akapunguza mwendo.

Walianza mwezi wa nne. Chumba cha mbele cha nyumba, ambacho zamani mamake Mwanaesha aliweka magunia ya mchele, kilitolewa vitu, kikachimbwa shimo la moto, na mvukuto wa ngozi ukafungwa pembeni. Maneno yalisemwa mtaani, hasa barazani baada ya magharibi, kwamba Mshihiri yule, Mwarabu wa Mukalla, amekuwa kibarua wa mkewe. Badawi aliyasikia. Alipoulizwa kwa dhihaka tajiri wake yu hali gani, alijibu kwamba hajambo, na baada ya miezi miwili wenye kuuliza walichoka.

Mwanzoni Mwanaesha alikusudia kujifunza polepole. Haikuwezekana. Alikuwa amekulia kati ya masufuria. Aliyajua kwa uzito na kwa sauti, na tangu utotoni alikuwa akijua lipi limechakaa ndani kabla mtu hajalifunua. Badawi alimwonyesha jinsi ya kusugua, na siku hiyohiyo akasugua. Kazi hiyo ni ya miguu. Hutiwa mchanga na matambara ndani ya sufuria, mtu akaingia pekupeku, akashika kamba iliyoning'inia darini, akajizungusha kushoto na kulia mpaka shaba iwe nyekundu kama kidonda kipya. Alifunga mlango, akakunja kanga, akaingia. Badawi aliangalia nyayo zake, akamwambia akanyage kwa kisigino zaidi.

Moto ulikuwa mgumu kuliko kusugua. Sufuria hupashwa hadi shaba ibadilike rangi, ikanyunyizwa ule unga mweupe wa chumvi kali unaotoa moshi, kisha kipande cha bati kikagusishwa chini, kikayeyuka na kukimbia kama maji. Hapo mtu ana muda wa pumzi nne au tano wa kulipangusa kwa bonge la pamba, likaenea ukuta mzima kwa mkono mmoja usiosita. Akiwahi, bati hushika mapande mapande. Akichelewa, huungua likawa manjano, na kazi yote ikarudi kwenye mchanga. Badawi hakumweleza kwa maneno wakati wenyewe unavyojulikana. Alimwambia tazama, naye akatazama. Mwezi wa tisa alikuwa amekwisha kuujua. Mwezi wa kumi na moja, Badawi alilishika sinia alilolimaliza Mwanaesha, akaligeuza kwenye mwanga, akaliweka pamoja na ya kwake bila kusema, na tangu siku hiyo wenyewe tu ndio waliojua lipi ni la nani.

Kazi ilipatikana zaidi ya walivyotarajia. Alumini ilikuwa imeingia katika majiko ya kila siku, lakini kwa pilau la watu mia tatu wanawake walirudi kwenye shaba, na walipenda kuleta vyombo katika nyumba yenye mwanamke mwenzao. Walikuja kutoka Kibokoni na Bondeni, wakakaa kidogo, wakazungumza, wakaenda zao. Mwanaesha hakuwaambia kwamba nusu ya kazi ni yake. Kila aliyesifu, alisema kwamba atamfikishia bwana.

Mwaka huo Badawi alipeleka Nairobi maombi ya uraia. Jibu lilikuja kumtaka alete ushahidi kwamba ameukana uraia wa nchi yake. Aliandika kuuliza ni nchi ipi, ile ya pasi au hii mpya. Hilo halikujibiwa.

Mwezi wa nne 1969 ilikuja barua kwamba Bwana Kenga atafika Jumatano ya tatu, saa tatu asubuhi.

Jumanne yake, chumbani mlikuwa na vyombo kadhaa vilivyomalizika, vimepangwa juu ya ubao, na kimoja ambacho hakijatiwa bati, sufuria kubwa la Bi Swabaha wa Bondeni. Mjukuu wake alikuwa akiolewa, na alilitaka Alhamisi mapema. Mwanaesha alikuwa amelisugua tangu asubuhi. Badawi alikuwa akichagua pamba, akitoa mbegu moja baada ya moja, ingawa hazikubaki mbegu.

"Kesho yuwaja," alisema.

"Najua."

"Utamfanyia hili?"

"Ndilo lililoko."

Aliendelea kuchambua pamba. Mwanaesha alidhani yamekwisha, akawa anakusanya mchanga.

"Siwezi kukwambia uharibu kazi," Badawi alisema. "Wala siwezi kukwambia usiharibu."

Mwanaesha aliuzoa mchanga wa mwisho, akatoka. Mchana wote ule, akikuna nazi, akianua nguo, alijaribu kufikiri juu ya mwaka mmoja zaidi na kila ulichokuwa nacho ndani, Badawi akiingia na kutoka, kikohozi chake asubuhi. Lakini mawazo yalimtoroka yakaenda kwenye jambo jingine dogo lililomtia haya mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kumpima katika kitu chochote. Skuli alitolewa kabla ya mtihani. Kesho mtu wa serikali angekuja na kalamu kutazama mkono wake, na karatasini pangekuwa na nafasi ya kuandika neno moja, fundi.

Bwana Kenga alifika kwa wakati. Alikaribishwa kahawa, akainywa, akaomba msamaha kwa kuwasumbua, akafungua jalada juu ya magoti. Badawi alikaa kwenye kigoda kando ya mvukuto. Kwa masharti, hakuruhusiwa kugusa chochote ila mvukuto huo.

Mwanaesha alijifunga kanga ya pili juu ya gauni, akainua sufuria kwa koleo, akaliweka motoni. Badawi akavukuta. Makaa yakaamka. Aliligeuza sufuria polepole, ubavu baada ya ubavu, na shaba ikaanza kubadilika. Alinyunyiza unga. Moshi ukainuka, Bwana Kenga akakohoa na kufunika pua kwa leso. Mwanaesha akagusisha bati. Lilikimbia vizuri, jeupe, likafanya kidimbwi chini kilichotikisika kwa pumzi ya mvukuto, na ndani yake akaona dari, na kamba, na kitu cheusi ambacho kilikuwa kichwa chake.

Pamba ilikuwa mkononi. Pumzi ya kwanza ikapita, na ya pili. Ya tatu ndiyo ilikuwa yenyewe, aliijua kwa viganja, na mkono wake ulikwenda mbele kidogo, wenyewe. Akaurudisha. Ya nne ikapita, na ya tano. Badawi alikuwa ameacha kutazama. Alitazama ukuta, na mvukuto ukaendelea kupanda na kushuka chini ya mkono wake.

Bati lilipogeuka rangi ndipo alipopangusa, kwa haraka isiyo na maana, likashika hapa likaacha pale. Alilitoa sufuria, akaliinamisha juu ya sakafu ili lipoe, akasimama.

Bwana Kenga alisubiri, kisha akalivuta mpaka mlangoni kwenye mwanga. Alichungulia kwa muda. Ndani mlikuwa na mabaka manjano na shaba iliyobaki wazi.

"Hili lafaa kupikiwa?" aliuliza.

"Halifai," Badawi alisema.

"Limekuwaje, mama?"

"Moto umenishinda," Mwanaesha alisema.

Bwana Kenga aliitikia kwa kichwa. Alirudi ndani, akavitazama vyombo vilivyopangwa juu ya ubao, masinia matatu na birika na sufuria la wastani, akapitisha kidole ndani ya sinia la mbele, ambalo Mwanaesha alilimaliza Jumamosi.

"Na hivi ni kazi ya nani?"

Badawi aliutoa mkono kwenye mvukuto.

"Yangu," alisema.

Afisa aliinua macho kutoka kwenye sinia. Alivitazama vidole vya Badawi, kisha akavitazama vya Mwanaesha, vyeusi kuanzia kwenye kucha, na alama ndogo za moto zilizopanda hadi kwenye kifundo cha mkono, nyingine za zamani, nyingine za wiki ile. Mwanaesha alivirudisha chini ya kanga. Bwana Kenga alikaa, akaandika mistari mitatu kwa mwandiko wake mzuri, akapiga muhuri palepale juu ya goti.

"Mwaka mmoja," alisema. "Mwanafunzi hajafuzu." Akafunga jalada. Mlangoni aliwaambia kwamba mwakani hatakuja yeye. Anahamishwa Nakuru, na nafasi yake itachukuliwa na kijana aliyesoma, mwangalifu sana wa kazi. Alilisema kama habari tu. Aliwaaga wote wawili kwa mkono, akashuka ngazi za mlangoni, na walimwona akikata kona kuelekea barabara kubwa bila kugeuka.

Karatasi ilibaki juu ya kigoda. Ilikuwa ndiyo waliyoitaka. Badawi aliichukua, akaitia ndani ya bahasha, bahasha akaitia kabatini, akarudi, na hakujua aweke wapi mikono.

"Mwanaesha."

"Leta mchanga," alisema. "Kesho mapema latakiwa."

Alifunga mlango. Akaingia ndani ya sufuria, akashika kamba, akaanza kuzunguka, na manjano yakatoka, kwa kisigino zaidi. Badawi alimmiminia mchanga alipoomba. Mara mbili aliona mashavu yake yamelowa, na mara zote mbili alijishughulisha na makaa, kwa kuwa jasho lilikuwapo pia na angeweza kuwa amekosea. Adhuhuri walipasha moto upya. Akavukuta, na mkewe akatia bati. Katika pumzi ya tatu mkono wa Mwanaesha ukaenda, ukazunguka mara moja, na ulipotoka sufuria lilikuwa limejaa mwanga mpaka ukingoni.

Alhamisi asubuhi alilipeleka mwenyewe Bondeni, mkokoteni ukitangulia, yeye nyuma. Uani kwa Bi Swabaha mchele ulikuwa umekwisha kuoshwa na wanawake walikuwa wakimenya vitunguu. Bi Swabaha, mwenye miaka sabini na macho mazima, aliliinamia sufuria, akapitisha mkono ndani, taratibu, chini hadi juu, akausimamisha pale ukuta unapokutana na mdomo, mahali ambapo mafundi wengi huacha.

"Mumeo ana mkono," alisema.

"Anao, bibi."

Alikataa chai, akasema ana kazi. Alirudi kwa miguu kupitia vichochoro, mikono ndani ya buibui. Mlango wa nyumba aliukuta umeegemezwa, na harufu ya makaa ikitoka.

Badawi alikuwa kwenye mvukuto. Birika la mtu fulani lilikuwa motoni, limekwisha kupashwa, limebaki kidogo kufika, na bonge la pamba alikuwa ameliweka upande wa pili wa moto, kwenye kigoda kilichokuwa wazi. Hakuinua kichwa. Alikuwa akiliangalia birika, akivukuta polepole kabisa, akilizuia lisiive kabla mkewe hajafika.

Mwanaesha alivua buibui, akalitundika.